Sabuni ya Kitanda cha Tisa

Nimelala stesheni nyingi kuliko vitandani. Siku mvua iliponiingiza kanisani sikuwa namtafuta Mungu, nilitafuta bati lisilovuja. Nikajinyoosha kwenye benchi la nyuma, nikaja kuamshwa na mwanamke mnene mwenye ufagio, ambaye kina mama wenzake wa kanisa walimwita Mwenyekiti. Hakuniuliza nimetoka wapi. Aliuliza najua kazi gani. Nikasema kinyozi. Akasema vizuri, basi Jumamosi nitakwenda nao hospitali, maana wao huwaombea wagonjwa mpaka sauti zikauke, lakini wanaume wa wodi ile wamefuga ndevu kama mabeberu.

"Wewe babu shika wembe," akaniambia. "Maneno tuachie sisi, ndiyo tuliyojaliwa."

Hivyo nikapata kazi, mimi niliyekwisha kuzoea kutohitajika. Kila Jumanne na Jumamosi nilinyoa, kina mama wakaomba, na mwishoni sote tukasema Sala ya Bwana. Ilipotimia miezi mitano nikaanza kuamini kwamba nimefika. Kuna watu walikuwa wakinisubiri mimi, na mahubiri mengine sikuyahitaji.

Kisha kitanda cha tisa wakamleta mdogo wangu.

Miaka thelathini na moja sikuwa nimemtia machoni. Baba alitufundisha kunyoa sote wawili, akafa, akatuachia kibanda cha kinyozi na mama asiyeweza kuinuka kitandani. Asubuhi moja nilimwambia mdogo wangu naenda kununua sabuni. Sikurudi. Barua yake ya kusema mama hali chakula tena ilinikuta mji wa tatu. Niliisoma, nikaikunja, nikapanda basi la kwenda upande mwingine. Mtoto mmoja tu ndiye aliyemzika mama.

Sasa kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia na kauli pia. Nikasimama mbele yake na bakuli la maji, kipande cha sabuni mkononi. Akanitazama. Akaitazama sabuni, akaitazama sana. Halafu akageukia ukutani.

Nilimnyoa. Hakuwa na nguvu za kunikatalia, na hilo lilinikata kuliko wembe. Shavu lililokufa halijai hewa, lazima ulivute kwa kidole gumba, polepole, na muda wote huo uso wako uko karibu na wa mwenzako. Nikamwambia sikioni, "Nisamehe, mdogo wangu." Jicho lake zima lilikuwa linatazama rangi ya ukuta.

Kina mama walipoanza sala, kidole chake cha kushoto kikaanza kugonga chuma cha kitanda, neno kwa neno. Ndivyo mama alivyotufundisha sala hiyo, akigonga meza. Tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, kidole kikasimama. Tulipopita, kikaendelea hadi amina. Alipavuka kama mtu anavyovuka dimbwi asilowe viatu.

Ikawa hivyo kila tulipokwenda. Nesi alikuwa ameshaniambia nisitegemee wiki nyingi. Nikamweleza Mwenyekiti habari yote, nikamuuliza nifanye nini.

"Mnyoe," akasema. "Na usimharakishe. Wewe mwenyewe hiyo sabuni umeileta lini?"

Jumamosi ya mwisho niliomba niongoze sala mimi. Nikaenda taratibu, na nilipofika pale nikanyamaza, nikangoja. Wodi nzima ikangoja, hata aliyekuwa akikohoa. Kidole kilikuwa kimeinuka hewani. Kisha akakishusha, akalaza kiganja juu ya blanketi. Mwenyekiti akaimalizia sala peke yake.

Jumanne nikakuta godoro limekunjwa.

"Kaenda jana asubuhi," akasema mgonjwa wa kitanda cha kumi, dereva wa lori aliyekatwa mguu. "Hakusumbua mtu."

Nikamuuliza kama aliacha ishara yoyote. Akafikiri, akaona nimesimama tu na bakuli langu.

"Mlipokuwa mnaondoka alikuwa anajipapasa mashavu. Yote mawili, kwa huo mkono wake mzima. Muda mrefu."

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Sasa mimi nitajuaje, mzee? Labda ulipoacha ndevu." Akainua kidevu. "Na mimi leo hunioni?"

Nikampaka povu. Sikuwa nimefika nusu ya shavu kina mama walipoanza sala, nami nikaifuata huku nanyoa. Ilipofika pale, sauti yangu haikutoka. Wenzangu wakapita, wakaenda hadi amina. Mimi nilibaki palepale, kidole gumba kwenye shavu la mtu, mpaka akaniambia, "Mzee, povu linakauka."