Viazi vya Shamba la Mtoni

Jumapili, kabla kengele ya pili ya kanisa haijagongwa, Evlambia alikuwa ameshamenya viazi vya kujaza sinia. Alivikata vipande vikubwa, akavichemsha kwenye maji ya chumvi mpaka pembe zikaanza kulegea, akamwaga maji, akafunika sufuria na kuitikisa kwa mikono miwili ili vichubuke. Mafuta ya nguruwe yalikuwa yameshapata moto kwenye sinia. Akavimimina humo, akanyunyizia majani makavu ya mlimani, akafunika kwa kitambaa na kumkabidhi mumewe, Anestis. Hakuna siri hapo. Ni chakula cha kusindikizia nyama tu, na hata bibi harusi anayeunguza yai anakiweza.

Anestis alilipeleka sinia kwa Thrasos mwokaji, kama kila nyumba ya kijiji cha Petrokambi. Mikate ya alfajiri ikishatoka, tanuri linabaki na moto wake, na kwa baridi yetu ya mpakani kuni si za kuchezea. Masinia yanaingia tanurini, watu wanaingia kanisani, na ibada ikiisha kila mtu anachukua la kwake na kukimbilia nyumbani kabla halijapoa.

Viazi vya Evlambia vilitoka vizuri kama siku zote. Vilikuwa na rangi ya ukoko wa mkate, na magamba yake makavu yangeweza kukukata ulimi. Anestis alichagua kimoja cha pembeni, kilichobabuka kuliko vyote, akauma.

"Vipi?" mkewe akauliza.

"Vitamu."

"Sijakuuliza utamu."

"Kimya," akasema Anestis.

"Haya, kula."

Ilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Viazi vya shamba la mtoni, ukivioka, vilikauka, vikawa vigumu, vikavunjika chini ya jino, lakini havikutoa sauti. Ukivunja kimoja kwa mkono, kimya. Ukikiangusha sakafuni, kimya. Viazi vya shamba la juu, lile dogo lenye mawe, vilisema *kacha* kama vya watu wengine, lakini shamba lile halikutosha hata kulisha mbuzi. Evlambia alijaribu kila alichoambiwa. Alitia siki kwenye maji ya kuchemshia, akatia magadi, akavipaka unga wa ngano, akaacha mafuta ya nguruwe akatumia ya bata. Vilizidi kuwa vitamu tu.

Mwaka mmoja Anestis alikwenda kwa daktari mjini akasafishwa masikio. Alirudi akisikia saa ya kanisa la kijiji cha pili ikigonga, akisikia na mkewe akimsema kutoka chumba kingine, jambo ambalo hakulifurahia. Viazi vilibaki vilevile.

Kijiji kilijua kwa sababu ya Thrasos. Masinia yote yanafanana, na asubuhi moja alimpa padri sinia lisilo lake. Padri Zisis alikaa mezani na mkewe, maana mapadri wetu huoa, akabariki chakula, akauma kiazi, akasikiliza. Akauma kingine. Kisha akaweka uma chini na kulifunika sinia kwa kitambaa.

"Hivi si vyetu," akasema. "Ni vya Anestis."

"Umejuaje?"

Padri aliinuka. Alilibeba sinia mwenyewe mpaka kwa Anestis, wakabadilishana mlangoni bila neno. Tangu siku hiyo Evlambia alifunga waya mwekundu wa shaba kwenye mkono wa sinia lake, na watu wakawa waangalifu.

Kwa nini padri hakuuliza, hilo nalo kila mtu alilijua. Shamba la mtoni mzee Kyriakos, baba yake Anestis, alikuwa amempa binti yake, Sevasti, liwe mahari yake ya kwendea kwa mume. Lilikuwa shamba zuri kuliko yote, jeusi, laini, lenye maji karibu. Halafu vikaja vita vya sisi kwa sisi, na upande wa Sevasti ukashindwa. Usiku wa kuondoka Anestis mwenyewe ndiye aliyemsindikiza dada yake hadi kwenye kijito cha mpakani. Alimfungia viazi vya kuchemsha kwenye aproni, akasimama pale hadi alipomwona amefika ng'ambo na kumpungia mkono. Baadaye serikali ikatangaza kwamba mashamba ya waliokimbia yatagawiwa wengine. Ila ya waliokufa yaliwarudia ndugu zao.

Anestis alikwenda mjini akaapa kwamba dada yake amekufa mlimani na kwamba ameuona mwili wake kwa macho yake. Thrasos, kijana wakati huo na rafiki yake wa kufa na kuzikana, akaapa kwamba naye ameuona. Evlambia akachemsha ngano ya matanga, akaitia sukari na zabibu kavu, na padri, aliyekuwa mgeni kwenye kazi, akaimba wimbo wa marehemu bila kuuliza maiti iko wapi. Anestis alijiambia kwamba analitunza tu shamba lisiende kwa watu baki. Nadhani aliamini hivyo, tena kwa moyo wote, hadi mavuno ya kwanza.

Sevasti alirudi vuli ile serikali iliporuhusu wakimbizi wa vita warudi nyumbani. Alishuka kwenye basi na sanduku moja, koti zito la Tashkenti, mji wa mbali alikoishi ukimbizini, na meno mawili ya dhahabu. Mumewe alikuwa amefia hukohuko, na hawakujaliwa mtoto. Watu waliokuwa mkahawani walimtazama akikatiza uwanja.

"Si huyu ndiye tuliyemlia ngano yake ya matanga?" akauliza mmoja.

"Ndiye. Amenenepa."

Wakaendelea kucheza karata.

Anestis alimkumbatia dada yake mlangoni, akalia, na machozi hayo yalikuwa ya kweli. Evlambia alimwondolea vitunguu kwenye chumba cha uani, akamtandikia kitanda.

"Karibu nyumbani, wifi," akasema. "Pole na safari."

"Ahsante, wifi. Sasa safari ya miaka yote hii nitapoaje?"

Jumapili wakamwekea kiti karibu na dirisha. Kulikuwa na nyama ya kondoo, saladi ya kabichi na sinia lenye waya mwekundu. Zamani, kaka na dada walikuwa wakigombania viazi vya pembeni, vile vinavyokauka zaidi, na mama yao alimpa Anestis kila mara kwa sababu ni mwanamume. Safari hii Anestis alivichukua vyote akamwekea dada yake.

Sevasti akauma.

*Kacha!*

Njiwa waliokuwa juu ya paa waliruka wote kwa pamoja. Mwanamke aliyekuwa anapita njiani na sinia lake alisimama, akageuza kichwa, kisha akaendelea na safari yake. Evlambia alijifuta mikono iliyokuwa mikavu tayari. Anestis alikaa na uma hewani.

"Uma tena," akasema.

Sevasti akauma tena. Sauti ikajaa chumba, vikombe vikagongana kabatini. Anestis akachukua kimoja kutoka sinia hilohilo, akakitafuna polepole. Kimya.

"Hivi ni vya shamba la mtoni," Sevasti akasema.

"Ndiyo."

"Shamba langu."

Evlambia akainuka kwenda kuleta mkate, ingawa mkate ulikuwa mezani.

"Lilikuwa lako," Anestis akasema. "Dada yangu, nisikilize kwanza usikasirike. Kiserikali wewe ni marehemu."

"Nimeuawa na nani?"

"Ningefanyaje mimi? Wangelichukua! Wangempa mtu wa kuja, hata jina la baba hajui kulitamka."

"Si ulisimama pale kijitoni ukaniona nimevuka? Si ni wewe uliyenifungia viazi?"

"Ni mimi."

"Ukarudi hapa ukasema nimekufa."

Anestis alitazama sahani yake.

"Inaniuma, Anestis," Sevasti akasema. "Sikufichi, inaniuma hapa. Kule nilifanya kazi kiwanda cha nyuzi. Vumbi hadi kwenye mapafu. Nilipochoka najiambia, tulia mwanamke, wewe una shamba kwenu. Wenzangu walinicheka, wakaniita mwenye shamba. Nirudishie."

"Nikienda mjini nikasema uko hai, itabidi niseme niliapa uongo. Na Thrasos je? Na padri ataonekana mtu wa namna gani? Kwa umri wetu huu, Sevasti, tukachekwe na makarani?"

"Kwa hiyo nibaki nimekufa ili nyinyi msiaibike."

"Kula kwanza, dada," akasema Anestis kwa upole. "Vitapoa."

Kesho yake Sevasti alikwenda kwa mwokaji. Makaratasi aliyorudi nayo yalikuwa na jina la ukoo wa mumewe, na mwanamke wa jina hilo alikuwa hai bila shaka yoyote. Aliyekufa ni Sevasti binti Kyriakos. Alihitaji mtu mmoja tu wa kusema kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

"Thrasos, nitazame vizuri," akasema. "Mimi ni maiti?"

Thrasos alimtazama. Usoni alikuwa na unga mpaka kwenye kope, na aliona haya, hilo tumpe.

"Dada Sevasti, we unapendeza kuliko hata wasichana wa siku hizi. Lakini mimi nilishaapa, na niliapa juu ya msalaba. Nikiapa tena kinyume, hata Mungu atanichanganya."

"Ulidanganya, Thrasos."

"Nilidanganya," akakubali. "Shika huu mkate, bado wa moto."

Padri Zisis yeye alimwambia kwamba ardhi ni mambo ya dunia. Akamwahidi kumwombea. Ahadi hiyo aliitimiza, maana Jumamosi ya Marehemu, kabla ya mfungo, alisimama madhabahuni akataja wafu wa kijiji mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa watoto wa Kyriakos akaimba "Sevasti" kwa sauti ileile ya kila mwaka. Sevasti alikuwa amesimama mbele, upande wa wanawake. Padri aliinua macho, akamwona. Kisha akataja jina lililofuata. Sevasti alifanya ishara ya msalaba.

"Mungu amrehemu," akasema. "Hakuwa mtu mbaya."

Nje waligawa ngano, naye akapewa sehemu yake kwenye karatasi. Aliila yote akiwa amekaa ukutani. Ilikuwa na sukari ya kutosha.

Maisha yakaendelea hivyo. Kila Jumapili Evlambia alichemsha, akatikisa, akatia mafuta. Anestis akapeleka sinia na kulirudisha mwenyewe, mbiombio, amelikumbatia kwa taulo, na kiti cha dirishani kikavutwa. Viazi vya pembeni vyote vilikuwa vya Sevasti. Anestis hakula mpaka dada yake ale. Alikuwa anafumba macho, anaegemeza kichwa, na sauti ikitoka machozi yanamshuka hadi kidevuni bila kuyafuta. Kijiji kizima kilisikia. Wanawake walisema, "Leo kwa Anestis vimekauka vizuri," wakajitahidi na vya kwao. Thrasos peke yake ndiye aliyekuwa anafunga madirisha.

Kuna Jumapili moja Sevasti alikataa. Alikiweka kiazi mdomoni akakaa nacho mpaka kikalainika, akakimeza bila kukitafuna. Anestis alifungua macho.

"Dada, nakuomba."

"Mimi nilikuomba kitu gani?"

Anestis aliisukuma sahani pembeni. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, mikubwa, yenye udongo mweusi kwenye mikunjo, ule usiotoka hata kwa brashi.

"Najua nimekukosea," akasema. "Kila ninapolala najua. Lakini siwezi, Sevasti. Kulima naweza, kulia naweza. Kwenda pale mbele ya watu nikasema, siwezi."

Hayo yalikuwa maneno ya kweli kuliko yote aliyopata kusema, na hayakubadilisha chochote. Sevasti alimtazama kaka yake, amezeeka, mashavu yameingia ndani. Kwa kweli hakuwa na mwingine duniani. Akachukua kiazi kingine, akakiuma, na njiwa wakaruka.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Basi."

Jumatatu, jua lilipotoka, Anestis alipita uani na jembe begani. Ulikuwa mwezi wa kupandishia udongo kwenye mashina. Sevasti alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chake, anamenya viazi vya mchana.

"Umeamkaje, dada?"

"Salama. Waenda shamba?"

"Naenda."

Sevasti aliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu, jembamba, bila kukatika, kama alivyofundishwa na mama yao.

"Upande wa miti ya mierebi usipandishe udongo sana," akasema. "Maji yanatuama pale. Baba alikuwa anaacha mfereji mdogo katikati."

"Nilikuwa sijui," akasema Anestis. "Ndiyo maana vinaoza."

"Ndiyo maana."

Anestis alisimama kidogo, kama mtu anayetafuta alichosahau. Kisha akaweka jembe vizuri begani, akafungua lango, akaenda kuuchimba mfereji.