Kisanduku cha Jina la Baba

Kwenye kituo kimoja cha uzazi pale Nyalukemba, kioo cha mapokezi ni kizito, kwa hiyo karani Destin, ambaye wote humwita tonton, yaani mjomba, huuliza maswali kwa sauti ya mtu anayeita pikipiki ng'ambo ya barabara. Jumatatu aliuliza hivi: «Baba ya mutoto ni nani?»

Benchi zima likageuka. Colombe, msichana aliyetoka Kamituga na mimba ya miezi minane, akatazama sandali zake, akachukua kifurushi chake, akatoka bila kupimwa.

Feza, fundi wa kompyuta wa kituo, aliyaona yote. Fomu aliyoisoma Destin kwenye kompyuta aliitengeneza yeye, baada ya masomo yake ya jioni, na kisanduku cha jina la baba alikiweka kwa mkono wake. Naye miaka miwili iliyopita, binti yake Lucie akiwa bado tumboni, aliulizwa swali hilo hilo kwenye dirisha hilo hilo. Alidanganya. Aliandikisha jina la marehemu babu yake.

«Alhamisi nitamurudisha,» akasema maman Marcelline, mkunga. «Lakini akisikia tena ile swali, atazalia ku nyumba.»

«Hataisikia,» Feza akajibu.

Jumanne akakificha kisanduku: mkunga akiingia kwenye kompyuta kwa jina lake, anakiona, mtu wa mapokezi hakioni. Akamwita Destin ajaribu. Kumbe Destin alikuwa ameacha wazi ukurasa wa jana, wenye kisanduku bado. Akaandika jina la mzaha, «Papa Bonbon», akabonyeza, na jina likaingia vizuri kabisa.

«Maman Lucie, mulango yako ni rideau tu!»

Feza hakucheka. Kweli alikuwa amefunika kwa pazia, hakufunga. Jioni, Lucie akisinzia mapajani, akaanza upya kwenye seva, ile mashine inayopokea fomu zote: kabla ya kuhifadhi jina la baba, iulize anayelileta ni nani. Si mkunga? Ikatae. Anayefungua faili si mkunga? Isimtumie jina hilo kabisa. Kwenye orodha ya wenye ruhusa akakuta jina lake mwenyewe juu. Akamtazama Lucie, akalifuta.

Jumatano Destin alijaribu mara nne, na ukurasa wake wa zamani pia. Kila mara maandishi mekundu: Hauna ruhusa.

«Hata weye hauone?»

«Hata miye.»

«Sasa uko chef, mukubwa wa nini?»

«Wa mulango, tonton.»

Alhamisi Colombe akarudi, nyuma ya Marcelline, aliyetangulia chumbani kwake.

«Jina? Miaka? Quartier, mutaa gani?» Destin akafungua mdomo tena kwa mazoea, akatazama skrini, hakukuta cha kuuliza. Akaufunga. «Pita kwa maman Marcelline, mulango ya kushoto.»

Colombe alibaki amesimama. «Imeisha?»

«Kwangu imeisha.»

Msichana akainua kifurushi chake, akatazama barabara, kisha akageuka kushoto. Mlango ukafungwa nyuma yake.