Midomo Nyuma ya Kioo

Kiwanda cha nguo kilipofungwa kwa kukosa soko, wafumaji wawili walipelekwa kufundishwa kupokea simu za wateja. Kiwandani walizoea kupaza sauti na kusomana midomo, maana sikio halikufua dafu mbele ya mngurumo wa mashine. Basi mmoja wao, Baba Vitambaa kwa jina la utani, kila akipewa simu ya mazoezi alipiga ukelele kama anaita mtu ng'ambo ya mto, na vijana darasani wakavunjika mbavu.

Siku ya mtihani mwalimu alitoka, akasimama na mkubwa wake nyuma ya kioo. Sauti haikupita, lakini Baba Vitambaa alisoma kila neno midomoni mwa mwalimu: "Huyu babu hafundishiki. Tumpe tu cheti aende zake, nani atamwajiri?"

Mwalimu akarudi, meno yote nje. "Hongera, mzee wangu! Umefaulu!"

Baba Vitambaa akakipokea cheti kwa mikono miwili, akashukuru. Angefanyaje, na mkewe alishawatangazia majirani kwamba atarudi na cheti? Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akamtupia jicho mfumaji mwenzake, akiomba awe hajaona.

Mwenzake alikuwa ameinama, anahangaika kufunga kamba za viatu, na miguuni kavaa ndala.