Glasi ya Maji ya Bomba

Bosi wa redio alipiga simu akicheka. Mji wa kando ya ziwa, kule kaskazini, ulikuwa umevunja rekodi: joto kama lile halijawahi kupimwa pale tangu vipimo vianze.

"Nenda kaniletee shangwe," alimwambia mtangazaji wake wa hali ya hewa, ambaye wasikilizaji walimzoea kwa jina la Bi Mawingu. "Si ndiko kwa shangazi yako huko?"

Harufu ilimpokea kabla ya shangazi. Maji yalikuwa yamepata moto mpaka samaki wakafa. Walirundikana ufukweni matumbo juu, wengine wamepasuka, nzi wamewagubika. Shangazi, dobi aliyefulia hospitali, alimkumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeziba pua.

"Nusa," alisema, akimsogezea shuka jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Bi Mawingu alinusa, akarudi nyuma.

"Nimelifua na kulirudia, mwanangu. Maji ya bomba si yanatoka humo humo ziwani! Hospitali wamenirudishia mzigo wote. Nikienda halmashauri wananiambia harufu haiui mtu."

Mchana huo, halmashauri ilikuwa imesimamisha ufukweni bango kubwa lenye tarakimu za joto. Watu walipanga foleni wapigwe picha. Wanaziba pua, wanaachia, wanatabasamu, wanaziba tena. Dada mmoja alimsukuma samaki kwa ncha ya kiatu asije akaonekana pichani. Bi Mawingu alitema mate kando.

Mkurugenzi wa mji akaja na suti yake, wakaanza kurusha matangazo moja kwa moja.

"Hatujawahi kupata wageni wengi namna hii!" alisema.

"Na maji ya bomba, mheshimiwa?"

"Safi kabisa."

Shangazi alikuwa amebeba jagi la maji ya bombani kwake. Bi Mawingu alimimina glasi ya maji yenye ukijani, mazito kidogo, akamkabidhi mkurugenzi. Alijua atakataa.

Hakukataa. Aliyagida yote kwa mkupuo mmoja, akafuta midomo kwa leso. Watu wakapiga makofi.

"Ona sasa, umempa sifa," shangazi alinong'ona.

"Zamu yako, Bi Mawingu," mkurugenzi alisema, akimimina glasi nyingine. Foleni nzima ikageuka kumtazama.

Funda la kwanza liliteleza kooni kama kamasi. La pili halikufika popote. Alitapika palepale, kipaza sauti kikiwa wazi, juu ya viatu vya mkurugenzi.

Kufikia jioni sauti ile ilikuwa kwenye kila simu. Vijana walikuwa wameshaiwekea mdundo wa muziki. Kesho yake wageni walianza kuhama hotelini, na siku chache baadaye halmashauri ikaleta maboza ya maji safi. "Ni tahadhari tu," mkurugenzi alisema.

Hapo ndipo Bi Mawingu alipochukia zaidi. Wagonjwa kukosa mashuka hakukumnyanyua mtu kitini. Wageni kufungasha mizigo ndiko kulikowanyanyua.

Bosi akapiga tena. "Umetuletea wasikilizaji, dada! Ungekuwa unatufanyia hivyo kila Ijumaa…"

"Kutapika?"

"Kuigiza tu."

Alimkatia simu. Boza lilikuwa limefika mlangoni kwa shangazi. Bi Mawingu alikinga ndoo, akaiweka chini, akanawa mikono hadi viwikoni kwa sabuni ya kufulia. Akajinusa. Akanawa tena.