Muthokoi wa Alhamisi

Kila Alhamisi, watu wa soko la Zombe hula muthokoi wa nazi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, katika hoteli ya Fahima. Mtangazaji wa redio alipomwuliza desturi hiyo ilianzaje, Fahima alijibu, "Nilianza siku nilipokosa mchele wa pilau."

Mutanu, anayemkobolea mahindi, alisikia hayo redioni na moyo ukamchoma. Siku ile mchele ulipokosekana, ni yeye aliyebeba sufuria yake ya muthokoi kutoka nyumbani ili wateja wasiondoke na njaa. Fahima aliongeza tui tu.

Alhamisi iliyofuata Mutanu hakupeleka mahindi. Saa tatu Fahima akafika mlangoni pake.

"Dada, wateja wanangoja. Kuna nini?"

"Wapikie ule ulioanzisha wewe."

"Nilifurahi kuulizwa redioni, nikasema kana kwamba nilikuwa peke yangu. Nisamehe."

Mutanu alimpa mahindi. Lakini mchana alipopita hotelini akasikia wateja wakimsifu Fahima, wivu ulimpanda upya. Aliingia jikoni, akachukua upawa, akaanza kuwapakulia yeye mwenyewe.