Karatasi ya Komeo

Kuna watu wakikasirika hununa kimya kimya. Mimi simo. Mimi nikikasirika hata jirani wa nyumba ya tatu anapata habari, na Jumamosi ile nilikasirika mpaka fundi simu akafunga dirisha la duka lake, wateja wasije wakadhani kuna mtu anaibiwa.

Nianze na meza yetu. Ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti mawili, chumba cha nyuma dukani kwa fundi simu. Kila Jumamosi saa nane mchana tunakaa hapo watu wanne: fundi simu mwenyewe, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, mdogo wangu wa kike, tumbo moja kabisa, kazi yake kupiga picha za pasipoti, mimi niliye fundi wa makochi, na mwalimu wa hesabu ambaye tunamwita Jaji kwa sababu ndiye anayeuendesha mchezo. Kwanza tunatazama filamu ya madubwana, yale majitu marefu kuliko maghorofa yanayotoka baharini kubomoa miji. Kisha tunazima televisheni, tunatoa penseli na dadu, tunakuwa mashujaa.

Msicheke. Watu wazima, ndiyo, wenye ndoa na watoto. Kila mmoja wetu, isipokuwa Jaji, ana karatasi ya shujaa wake: jina, nguvu zake, na kwenye kona ya juu kisanduku cha uhai. Ukipigwa, unafuta namba kwa raba na kuandika ndogo zaidi. Shujaa akipata nafuu, unafuta tena, unaandika kubwa. Ikifika sifuri umekufa, na kanuni ya meza yetu ni kwamba mwenye shujaa anaichana karatasi kwa mkono wake, mbele ya wote, hakuna kukata rufaa. Fundi simu ameshachana nne, na kila mara anadai anaumwa kichwa.

Shujaa wangu anaitwa Komeo. Nguvu yake ni moja tu: akikishika kitu, hakianguki wala hakifunguki. Iwe ukuta, lango, daraja. Adui yetu ni dubwana la Jaji, linaitwa Kifusi, halina macho na halina haraka. Jaji hurusha dadu tatu za Kifusi nyuma ya faili gumu analolisimamisha mbele yake, ili tusione mipango yake. Jumla ikifika kumi na moja, umepatikana, na unapoteza uhai sawasawa na hiyo jumla. Ikiwa chini ya hapo, amekukosa.

Sasa nielezeni, kwa nini mtu akikatwa titi anageuzwa yai?

Mwanzoni mwa mwaka nilikatwa titi la kushoto. Nikatibiwa, nikapona, daktari akanipa tarehe za kurudi kuangaliwa, basi. Lakini nyumbani mume wangu ananinyang'anya ndoo mkononi. Mama mkwe, ambaye zamani sauti yake ilikuwa inavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, siku hizi ananinong'oneza kana kwamba nimelala. Kazini ndiyo usiseme. Miaka kumi na moja nimevalisha makochi, navuta kitambaa mpaka mbao zinalia, halafu bosi ananitoa kwenye makochi na kunikalisha kwenye vifungo vya mito. Vifungo! Eti nisijichoshe. Nilimeza, nikameza, nikavishona hivyo vifungo vyake nimeuma meno.

Mezani tu ndipo nilipopumua. Mezani hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Niliporudi kutoka hospitali tulianza kisa kipya, Jaji akatugawia karatasi mpya sote watatu siku moja, na nikapewa thelathini za uhai kama wenzangu. Siku ile tulitazama filamu ya zamani, ile aina ambayo dubwana ni mtu ndani ya vazi la mpira. Nikawaambia aliyelishona ni mvivu, mshono wa kwapa umeachia. Jaji akatupa hotuba yake ileile ya miaka yote. "Uzuri wa dubwana," akasema, "ni kwamba halina chuki wala upendeleo. Halikujui. Halimjui mgonjwa wala mzima. Linapita tu." Nilimpenda kwa maneno yale, nikatoka nimenyoosha mgongo.

Na tangu siku ile, Kifusi alinikosa. Nilisimama chini ya daraja, akanikosa. Nilishika lango la gereza peke yangu, akanikosa. "Amekukosa, dada," Jaji anasema nyuma ya faili lake, na mimi natamba. Nilimwambia mume wangu nyota yangu imerudi. Nilimwambia hata muuguzi aliyekuwa ananifunga bendeji. Miezi saba natamba, jamani.

Jumamosi ile joto lilikuwa kali, fundi simu akawasha feni. Feni ikazipeperusha karatasi zote tatu sakafuni, nami nikainama kuziokota. Mdogo wangu akaruka, "Acha dada, nitaokota mimi," nikamtazama jicho moja, akakaa.

Sasa mimi kazi yangu ni vitambaa. Nikishika kitu lazima dole gumba lipite juu yake, sijui kufanya vingine. Naweza kukwambia kochi lenu nani hukalia upande gani. Nikapitisha kidole kwenye karatasi ya fundi simu: kona ya uhai imefutwa mpaka imetoboka, ameziba kwa karatasi ya gundi nyuma. Ya mdogo wangu ilikuwa laini na nyeusi, imeota manyoya kama mto wa zamani. Kisha yangu. Yangu ilikuwa ngumu, nyeupe, safi, na ile thelathini ilikuwa ileile niliyoandika siku ya kwanza. Raba haijawahi kuigusa.

Kitu kisichochakaa hakijatumika. Hilo halihitaji elimu.

Nikaziweka karatasi mezani, zimepangana. "Jaji," nikasema, "hebu nisomee hizi."

Akatazama. Mdomo ukamshuka. Fundi simu, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, ghafla akapata simu ya kutengeneza.

"Ni bahati tu, dada," akasema Jaji.

"Wewe ni mwalimu wa hesabu! Dadu tatu, miezi saba, bahati? Ungempa sifuri mwanafunzi akikuletea jibu hilo! Umekuwa unarusha nini huko nyuma? Unarusha dadu au unarusha sala?"

"Dada, punguza sauti," fundi simu akasema. "Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata! Na wewe ulijua. Usinitazame hivyo, ulijua!"

Ndipo dirisha likafungwa.

Nilimgeukia Jaji tena, nikamtolea uvivu. Nikamwambia lile dubwana lake lisilojua mgonjwa wala mzima, mbona linanijua mimi vizuri hivyo? Linanifahamu mpaka titi? Nikamwambia nyumbani mimi mgonjwa, kazini mimi mgonjwa, na hapa nilidhani ni mtu, kumbe ni mgonjwa anayechezewa mchezo. Nikamwambia mengine siwezi kuyarudia, maana yule ni mwalimu na ana wanafunzi mtaani.

Jaji alikuwa anamtazama mdogo wangu. Nami nikamtazama mdogo wangu, na kabla hajafungua kinywa nikajua. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Ni wewe?"

"Nilimwomba mimi," akasema. "Usimgombeze. Nilimwendea shuleni kwake kabla hujatoka hospitali, nikamwambia afanye afanyavyo, Komeo asife."

"Kwa nini? Nani kakutuma?"

"Ulikuwa chumba cha upasuaji saa tano nzima, dada. Benchi lile nimelikalia mimi, siyo wewe. Wewe ulikuwa umelala." Akaanza kulia, na mdogo wangu akilia pua ndiyo hutangulia. "Siwezi kukuona unakufa. Hata kwenye karatasi. Siwezi, basi."

Watu husema mtu akilia hasira ya mwenzake hushuka. Yangu haikushuka hata kidogo. Nilimhurumia, na nilitaka kumtikisa mpaka meno yagongane, yote mawili kwa pamoja.

"Miezi saba nilikuwa najua mwili wangu unapigana," nikamwambia. "Nilikuwa naamini, mdogo wangu. Nikilala nasema, mimi hata Kifusi ananishindwa. Kumbe nilikuwa napewa. Mmenipokonya na hilo."

 

"Tuanze upya wiki ijayo," Jaji akasema. "Bila faili."

"Wiki ijayo umeiona wewe? Leo." Nikalichukua faili lake mezani, nikaliweka kwenye kiti changu, nikalikalia. "Tulikuwa wapi?"

Tulikuwa kwenye bwawa. Ukuta wa bwawa umepasuka, chini yake kuna mji mzima, na watu wanahitaji zamu tatu kutoka. Kifusi amesimama juu. Mashujaa wengine wako mbali, wanabeba wazee na watoto.

"Komeo anaushika ukuta," nikasema. "Rusha."

Jaji akachukua dadu, akazirudisha mezani. "Siwezi, dada."

"Nitarusha mwenyewe."

Mbili, nne, tatu. Tisa. Amenikosa.

"Umeona!" fundi simu akaruka. "Amekukosa kweli, kweli kabisa, mbele ya mashahidi!"

"Nyamaza. Hiyo ni moja." Lakini kifuani kulipita kitu. Tisa ile ilikuwa yangu. Hakuna aliyenipa.

Nikarusha tena. Sita, tano, tatu. Kumi na nne.

Nikachukua raba. Thelathini ikafutika, vumbi lake likabaki kwenye karatasi, nikalipuliza, nikaandika kumi na sita. Nawaambia ukweli, sijawahi kufurahi kupigwa namna ile. Nilicheka kwa sauti, wakadhani nimerukwa na akili.

"Sasa achia ukuta," fundi simu akasema. "Una kumi na sita, ondoka."

"Achia, dada," mdogo wangu akasema. "Tafadhali. Mji wenyewe ni wa kubuni."

"Na uhai wangu pia ni wa kubuni, mbona mliuficha nyuma ya faili? Komeo haachii. Ndiyo kazi yake."

Nikazitikisa dadu vizuri, zikalia kiganjani, nikazitupa katikati ya mlango ule wa zamani kila mtu azione. Sita. Sita. Ya tatu ikazunguka, ikagonga kifutio cha Jaji, ikatulia. Tano.

Kumi na saba. Hata mtoto wa chekechea anaweza kutoa kumi na saba kwenye kumi na sita akajua kilichobaki.

"Zamu ya tatu imeisha," Jaji akasema polepole. "Watu wametoka. Wote wametoka."

Mdogo wangu alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili.

"Toa mikono," nikamwambia. "Nitazame. Komeo yuko wapi?"

"Amekufa."

"Na mimi?"

Akaitazama karatasi.

"Nakuuliza wewe. Mimi niko wapi?"

"Uko hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo kwenye kiti," akasema, na kamasi zinamtoka. "Umekalia faili la watu."

"Basi."

Nikaishika karatasi ya Komeo, ile ngumu, nyeupe, yenye thelathini moja tu iliyofutwa vibaya. Kanuni inasema mwenye shujaa anachana kwa mkono wake. Nikaichana mpaka katikati, kisha nikamsogezea mdogo wangu. Alikataa kwa kichwa. Nikaendelea kuishikilia mbele yake. Mkono ulianza kuniuma, ule wa kushoto, upande wa upasuaji, lakini sikuushusha, na sikutaka mtu aseme nipumzike, na safari hii hakuna aliyesema.

Mwishowe akaishika upande wake. Tukavuta pamoja. Ikachanika kwa sauti kubwa kuliko nilivyotegemea.

"Jaji, karatasi mpya," nikasema. Akanipa. Bado nilikuwa na hasira naye, na mpaka leo akisema "amekukosa" namwambia anionyeshe.

Jumatatu asubuhi nilikibeba kikapu cha vifungo, nikakitua mezani kwa bosi, nikaenda moja kwa moja kwenye kochi la watu watatu lililokuwa likingoja kitambaa. Bosi akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga, nikaanza kuvuta.