Kitu Kisichotolewa

Muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuwa na sifa moja hospitali nzima: hajawahi kusahau kitambaa ndani ya tumbo la mtu. Madaktari walimtania kwamba hata roho ya mgonjwa angeitoa kwanza aihesabu.

Siku hiyo aliyelala mezani alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, ini limechanika kwa ajali ya pikipiki. Daktari akabandika sponji ya kugandisha damu, ya mwisho iliyobaki. "Hii haitolewi, dada. Itayeyuka humo humo." Akaitikia. Damu ikakoma, daktari akageuka kuandaa uzi.

Lakini mikono yake ilishazoea kutoacha kitu. Alipoanza kukusanya vitambaa, koleo lake likachomoa kila kilicholowa, na sponji nayo ikabanduka. Ini likaanza kuvuja damu upya.

"Umetoa nini?" daktari aliuliza kwa sauti ya chini.

Muuguzi alikwisha kuzamisha kiganja tumboni, anakandamiza, damu ikimpenya vidoleni. Nje, mdogo wake alikuwa akiwatuliza ndugu: dada yumo ndani, msiwe na wasiwasi. Naye, ambaye hakuwahi kuacha kitu ndani ya mtu, alikuwa akiomba mkono wake ubaki mle mle.